Mkataba wa viatu nyumbani au ufadhili wa chuo Marekani: mkimbiaji kijana achague kipi?

Kijana wa Iten, Kapsabet au Keringet anayemaliza Form Four akiwa anakimbia mita 5,000 chini ya dakika 14 kwenye uwanja wa udongo wa nyanda za juu, hakosi kupigiwa simu. Moja hutoka kwa kocha wa chuo cha Marekani, au kwa mtu anayemtafutia kocha huyo wakimbiaji. Nyingine hutoka kwa meneja mwenye kambi na uhusiano na kampuni ya viatu. Zamani tofauti ilikuwa wazi: chuo kilimpa elimu bila fedha, meneja alimpa fedha bila elimu. Tangu Julai 2021 watu wa vyuo wameongeza maneno mapya: siku hizi hata mwanafunzi analipwa na wadhamini.

Kwa Mmarekani maneno hayo ni kweli. Kwa Mkenya, Mganda au Mtanzania ni nusu ya ukweli, na nusu isiyosemwa inaweza kumrudisha nyumbani kabla hajamaliza masomo. Ndiyo maana nazilinganisha njia hizi mbili hapa, kwa ajili ya kijana mwenyewe na kwa mzazi atakayeombwa kutia saini.

Mlango ulivyofunguliwa

Mwaka 1978 Henry Rono, mtoto wa Nandi, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Alikuwa mwanafunzi wa Washington State University. Hakuna mtu duniani aliyekuwa akikimbia kama yeye, na hakuna mdhamini aliyeruhusiwa kumlipa waziwazi, maana riadha yote wakati huo ilikuwa ya ridhaa. Kenya ikasusia Olimpiki za 1976 na 1980, akakosa hata medali ya Olimpiki ya kumtambulisha. Miaka iliyofuata ilikuwa ya pombe na shida, hadi akawa hana mahali pa kulala katika nchi iliyomshangilia. Alifariki Februari 2024.

Riadha ya dunia ilianza kulegeza kamba miaka ya 1980. Michezo ya vyuo haikulegeza. Edward Cheserek alitwaa mataji 17 ya vyuo akiwa Oregon, mengi kuliko mwanamume mwingine yeyote, na hadi alipomaliza mwaka 2017 hakuruhusiwa kupokea hata senti ya tangazo. Ndipo akasaini na kampuni ya viatu ya Skechers.

Aliyeanza kulibomoa jambo hili hakuwa mkimbiaji. Ed O'Bannon, bingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo mwaka 1995 na UCLA, aliishtaki NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, mwaka 2009, baada ya kujiona ndani ya mchezo wa video uliokuwa ukiuzwa huku yeye hajalipwa. Septemba 2019 California ikaweka sheria ya kuwaruhusu wanamichezo wa vyuo kuuza jina na sura zao, na majimbo mengine yakafuata. Juni 21, 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyohusu malipo yanayoambatana na masomo. Siku kumi baadaye, Julai 1, NCAA ikawaachia wanamichezo wasaini na wadhamini. Kisha Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwagawia wanamichezo wao mapato, hadi takribani dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Mikataba ya wadhamini ya kuanzia dola 600 nayo lazima sasa iandikishwe na kukaguliwa.

Fedha ni nyingi, ila haziendi kwa wakimbiaji. Mpango uliozoeleka katika vyuo vikubwa ni kupeleka karibu robo tatu ya mgao huo kwenye futiboli ya Marekani, na sehemu kubwa ya kinachobaki kwenye mpira wa kikapu. Mbio za nyika na riadha hupata kidogo sana au hazipati kitu. Anayekuambia kuhusu mamilioni ya dola za wanafunzi wa Marekani anazungumzia mchezo ambao wewe huchezi.

Viza ndiyo sheria ya kwanza

Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya F-1. Viza hiyo inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi ya nje ya chuo haipo kabisa mwaka wa kwanza wa masomo, na baada ya hapo kwa kawaida lazima ihusiane na anachosomea na iidhinishwe. Sasa fikiria kazi ya mdhamini ilivyo: kusimama mbele ya kamera ukisifu kinywaji, kutia saini picha dukani, kuweka tangazo la viatu kwenye Instagram kwa malipo. Mawakili wengi wa uhamiaji wanahesabu mambo hayo kuwa kazi yakifanyika ukiwa kwenye ardhi ya Marekani. NCAA ilibadilisha kanuni zake, lakini haina uwezo wa kubadilisha sheria ya uhamiaji. Miswada imepelekwa bungeni Marekani kujaribu kulirekebisha hili, na hakuna uliogeuka kuwa sheria.

Adhabu pia haifanani. Mmarekani akikosea kanuni za NCAA anakosa mashindano. Wewe ukihesabiwa umefanya kazi bila kibali, unapoteza hadhi ya uanafunzi, na kurudi Marekani baadaye, hata kukimbia marathon ya Boston au New York, kunaweza kuwa taabu.

Mfano ulio karibu nasi ni Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, mji ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mtaani. Mwaka 2022, akichezea Kentucky, alichaguliwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo Marekani nzima. Kila duka la Lexington, mji wa chuo hicho, lilimtaka, naye alikuwa na viza ya F-1. Agosti mwaka huo timu ilipokwenda Bahamas kwa mechi za maandalizi, aliitumia safari hiyo kufanya kazi za wadhamini wake huko, nje ya Marekani, ambako viza haikumfunga. Huyo alikuwa nyota wa mchezo unaotazamwa na mamilioni, akiwa na chuo na mawakili nyuma yake, na bado ilibidi avuke bahari ili atumie haki ambayo mwenzake Mmarekani aliitumia akiwa bwenini. Zach Edey wa Kanada, mchezaji bora wa 2023 na 2024, alibanwa na viza ileile.

Mkimbiaji kutoka Kenya anabaki na njia mbili nyembamba. Ya kwanza ni kufanya kazi yote ya mdhamini akiwa nyumbani. Ubingwa wa vyuo wa uwanja wa nje huisha katikati ya Juni na masomo huanza tena Agosti, kwa hiyo kuna wiki kadhaa za kupiga picha na video Eldoret au Nairobi, chini ya mkataba unaosema wazi kwamba kazi inafanyika Kenya. Ya pili ni mapato yasiyohitaji kazi, kwa mfano kuruhusu jina lako liandikwe kwenye fulana na kupokea asilimia ya mauzo bila wewe kunyanyua mkono. Njia zote mbili zinahitaji wakili wa uhamiaji azisome kwanza, na zote zinahitaji mdhamini anayekutaka kwelikweli. Kampuni za viatu husaini wanafunzi, lakini hutafuta hasa wenye wafuasi wengi mtandaoni wanaonunua viatu Marekani. Bingwa wa mbio za nyika kutoka Marakwet anaweza kuwa na kasi kuliko wote na bado asiwe na soko hilo.

Kwa hiyo, unapolinganisha, mapato ya wadhamini chuoni yahesabu kuwa sifuri. Yakija, ni baraka. Usiondoke nyumbani kwa sababu yake.

Basi chuo kinalipa nini, na kambi inalipa nini?

Ufadhili kamili hulipa karo, malazi, chakula na vitabu. Katika vyuo vingi vikubwa thamani yake kwa mwanafunzi wa kutoka nje hupita dola 40,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni zaidi ya Sh20 milioni za Kenya. Linganisha na uwanja wa kulipwa: mshindi wa mbio ya kawaida ya Diamond League, mfululizo wa mashindano makubwa ya riadha ya kulipwa, mwaka 2025 alipata dola 10,000, na meneja kwa kawaida huchukua asilimia 15. Ili upate fedha sawa na mwaka mmoja wa ufadhili, unatakiwa ushinde mbio nne hadi tano za aina hiyo ndani ya msimu mmoja. Wanaoweza kufanya hivyo wanahesabika kwa vidole.

Lakini ufadhili si fedha mkononi, na hapa nawaelewa wazazi kabisa. Ufadhili haununui ng'ombe, haumlipii mdogo wako karo, hauezeki nyumba. Mwanafunzi hubaki na posho ndogo na kazi ya saa chache maktabani au kwenye chumba cha vifaa. Baadhi ya vyuo hutoa pia tuzo iliyotokana na kesi ya Alston, hadi dola 5,980 kwa mwaka kwa anayefaulu darasani; uliza kama chuo chako kimo. Kodi nayo ipo: sehemu ya ufadhili inayolipia chakula na malazi hutozwa mgeni, kwa kawaida asilimia 14, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kuipunguza. Vijana wengi huigundua kodi hii wakiwa tayari kule.

Mkataba wa viatu unaleta fedha mapema. Hilo ndilo zuri lake na ndiyo hatari yake. Kampuni hulipa kiasi cha msingi kwa mwaka na kuongeza bonasi kwa medali, rekodi na nafasi katika orodha za dunia. Mikataba mingi ina kifungu cha kupunguza malipo usipokimbia idadi fulani ya mashindano au ukishuka katika orodha, na maumivu ya kifundo hayakubaliwi kila mara kuwa udhuru. Anayesaini akiwa na miaka 18 bila medali mara nyingi hupewa viatu, mavazi na bonasi za kutegemea matokeo, basi. Huanza kwa kuongoza kasi katika mbio za wengine, akisubiri siku ya kuachiwa akimbie mwenyewe. Kambini chakula na kocha vipo, lakini gharama mara nyingine hukatwa kwenye ushindi wa kwanza. Liko pia suala la dawa za kusisimua misuli. Zaidi ya wanariadha 100 wa Kenya wamefungiwa, na kijana asiye na kipato, anayezungukwa na watu wanaomwahidi njia ya mkato, yumo hatarini kuliko yule anayejua kesho ana mtihani wa kemia.

Kazi ya polisi, jeshi au magereza ni nguzo ya tatu ambayo Wakenya wanaifahamu vizuri. Mshahara wa mwezi na muda wa mazoezi vimewatunza wengi. Anayebaki nyumbani ana nafasi nayo. Aliye Marekani kwa miaka minne anaikosa kwa muda.

Mbio zenyewe

Chuo kina misimu mitatu kwa mwaka: nyika, ukumbini, kisha uwanja wa nje. Kocha hupimwa kwa pointi za timu, na mkimbiaji wa Afrika Mashariki huletwa ili alete pointi. Wapo waliokimbizwa mita 10,000 na mita 5,000 katika ubingwa uleule mwaka baada ya mwaka hadi miguu ikachoka kabla ya kufika mbio za marathon. Wapo pia waliotunzwa vizuri. Sharon Lokedi alikuwa bingwa wa vyuo wa mita 10,000 mwaka 2018 akiwa University of Kansas, akasaini na Under Armour baadaye, akashinda New York mwaka 2022 na Boston mwaka 2025 kwa saa 2:17:22, rekodi ya njia ile. Doris Lemngole wa Alabama alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15 mwezi Juni 2025, mwanafunzi wa kwanza kushuka chini ya dakika tisa. Kasi ya chuo sasa inakaribia kasi ya dunia. Hoja ya zamani kwamba chuo kinaua kipaji haina nguvu tena, mradi kocha ni mtu sahihi.

Kambini, kwa upande mwingine, unakimbia na bora wa dunia kila asubuhi. Kaptagat, chini ya Patrick Sang, imemlea Eliud Kipchoge na Faith Kipyegon, na hakuna chuo kinachoweza kulinganishwa na mafunzo hayo. Ila Sang mwenyewe, mwenye medali ya fedha ya Barcelona 1992, alisoma University of Texas. Mike Boit, wa shaba ya mita 800 Munich 1972, aliendelea na masomo Marekani hadi udaktari na akawa profesa Kenyatta University. Sally Kipyego alianzia chuo kidogo cha South Plains kule Texas, akahamia Texas Tech, akatoka na taji juu ya taji na shahada ya uuguzi, kisha akachukua medali ya fedha ya mita 10,000 London 2012. Wesley Korir wa Louisville alishinda Boston 2012 na mwaka uliofuata akawa mbunge wa Cherangany. Watu hawa walipoacha kukimbia walikuwa na kazi inayowasubiri. Wangapi wa kambini tunaowajua kwa jina leo hii wana shamba lililokwisha uzwa na hakuna kingine?

Nani achukue njia ipi

Kama umeshinda medali ya dunia ya chini ya miaka 20, saini mkataba. Emmanuel Wanyonyi alikuwa bingwa wa vijana wa mita 800 Kasarani mwaka 2021 na bingwa wa Olimpiki Paris miaka mitatu baadaye. Beatrice Chebet alitoka kwenye taji la vijana la 2018 hadi dhahabu mbili za Paris. Mwenye kipaji cha kiwango hicho ana nguvu ya kujadiliana na meneja, na miaka yake ya miguu ni michache mno kuitumia kukusanya pointi za chuo. Asome, lakini asome hapa.

Kwa wengine wote wenye matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yanayoruhusu, nasema chuo, na nasema kwa nguvu zaidi kwa wasichana. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021 akiwa na miaka 25, mwezi mmoja baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee. Msichana anayeingiza fedha mapema, mbali na wazazi, bila akaunti anayoishika mwenyewe, huzungukwa na wanaume wanaojiita makocha, mameneja na waume kwa wakati mmoja. Viola Cheptoo, mmoja wa walioanzisha shirika la Tirop's Angels baada ya msiba ule, alisoma Florida State. Shahada haimkingi mtu na ukatili. Lakini miaka minne ya kuishi, kusoma mikataba na kushika fedha zako mwenyewe inakupa mguu wa kusimamia, na nimeona tofauti yake.

Ambaye alama zake hazitoshi kwa NCAA aangalie vyuo vya miaka miwili, kama South Plains alikopitia Kipyego, au vyuo vidogo vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, ambavyo viliruhusu wadhamini tangu Oktoba 2020. Viza inawabana vilevile. Kwa Mrundi mambo ni magumu zaidi: tangu Juni 2025 Marekani imesitisha viza za wanafunzi kutoka Burundi.

Jambo ambalo watu huliona wakiwa wamechelewa ni kwamba milango hii miwili haifanani. Kutoka chuoni kwenda kwenye mkataba ni rahisi siku yoyote. Sydney McLaughlin alikaa Kentucky mwaka mmoja tu kabla ya kusaini na New Balance mwaka 2018. Kutoka kwenye mkataba kurudi chuoni ni vigumu mno. Ukishasaini na meneja wa riadha ya kulipwa umejifungia NCAA, na hata bila kusaini, ukimaliza shule una takribani mwaka mmoja wa kupumzika; baada ya hapo kila mwaka unaoshiriki mashindano rasmi unaweza kukupunguzia msimu mmoja katika minne. Zawadi za fedha za mbio za barabarani nazo zina masharti, kwa hiyo tunza risiti za nauli na malazi.

Kabla ya kukubali ya chuo, omba barua rasmi inayosema ufadhili ni kamili au ni wa sehemu, na unadumu mwaka mmoja au minne. Makubaliano ya 2025 yameondoa kikomo cha zamani cha ufadhili na kuweka kikomo cha idadi ya wakimbiaji: 17 kwa mbio za nyika, 45 kwa riadha. Chuo kinaweza sasa kumlipia kila mmoja, lakini hakilazimiki, na nafasi za kujaza tu hazipo tena. Uliza kitatokea nini ukiumia. Zungumza na Mkenya aliyemaliza pale, bila kocha kuwepo kwenye simu. Ukifika, afisa wa wanafunzi wa kigeni ndiye wa kumuuliza kabla ya kupokea chochote kutoka kwa mdhamini, hata jozi ya viatu yenye sharti la picha. Na mtu yeyote anayedai fedha ili akupatie ufadhili, achana naye. Chuo ndicho humlipa kocha wake.

Kabla ya kukubali ya meneja, mpelekee mwalimu au wakili mkataba mzima, si ukurasa wa saini peke yake. Tafuta kifungu cha kupunguziwa malipo, muda wa mkataba, asilimia ya meneja na nani anaishika akaunti. Akikuambia saini leo au nafasi itaondoka, mwache aondoke nayo.